Mji wa Geel na Wageni Wake

Mwezi wa Desemba 2023 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Kasane, mji mdogo wa Botswana ulio kando ya mto Chobe. Mkutano ulikuwa wa UNESCO, ndilo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Kila mwaka wajumbe hao huzitazama desturi za watu wa dunia, kama vile ngoma, nyimbo, mapishi na kazi za mikono, na zile zistahilizo kutunzwa huandikwa katika daftari zao. Basi katika mkutano huo wa Kasane iliandikwa, katika daftari la mifano mema, desturi moja isiyo ngoma wala wimbo wala chakula. Ilikuwa desturi ya watu wa Geel, mji wa nchi ya Ubelgiji, ya kuwapokea nyumbani mwao watu waliopungukiwa na akili na watu wenye maradhi ya akili, wasio jamaa zao, na kukaa nao miaka mingi, mara nyingi hata kufa.

Heshima kwa kazi ya namna hii kwa kawaida hupewa mtu mmoja. Nchini Marekani, mwaka wa 1984, Rais Reagan alimpa Bibi Eunice Kennedy Shriver nishani iliyo kuu kwa raia wa nchi ile, kwa sababu alikuwa amewatumikia watu hawa miaka mingi, naye ndiye aliyeanzisha mwaka wa 1968 michezo yao, ambayo leo huchezwa hata Tanzania na Kenya. Alistahili. Lakini heshima ya Geel haikutundikwa kifuani mwa mtu. Walioipata ni wakulima na wake zao, na mafundi wa mji mdogo, ambao wengi wao wamekwisha kufa zamani na majina yao hatuyajui. Nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari zao, kwa kuwa ni habari za watu wa shamba, nasi ni watu wa shamba.

Kwanza yafaa niseme neno juu ya majina. Lugha yetu ina majina mengi ya mtu ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili wake: punguani, taahira, zuzu, juha. Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo mama angependa mwanawe aitwe. Siku hizi husemwa "mwenye ulemavu wa akili", nalo ni neno la adabu. Mtu huyu si sawa na mwenye kichaa. Mwenye kichaa alikuwa na akili zake zikamtoka, na huenda zikamrudia. Yule mwingine amezaliwa hivyo, au amepatwa na jambo katika utoto wake, naye atakaa hivyo maisha yake yote. Katika nchi za Ulaya zamani watu hawakupambanua sana mambo haya mawili, na Geel iliwapokea wote. Wenyeji hawakuwaita wagonjwa. Waliwaita kwa neno la Kiholanzi lenye maana ya mtu alaye na kulala kwa watu kwa malipo. Mimi katika habari hii nitawaita wageni, ingawa baadhi yao wamekaa katika nyumba moja zaidi ya miaka 50.

Geel uko upande wa mashariki wa mji mkubwa wa Antwerp, katika nchi iitwayo Kempen. Udongo wa huko ni mchanga, hauna rutuba, na kwa karne nyingi watu wake walikuwa maskini. Yasemekana kwamba katika karne ya 7 alifika huko binti wa mfalme wa Ayalandi, jina lake Dymphna, pamoja na kasisi mzee Gerebernus. Mama yake alikuwa amekufa, na baba yake, aliyekuwa mpagani, kwa huzuni akapotewa na akili, akataka kumwoa binti yake mwenyewe kwa sababu alifanana na mama yake. Binti akakimbia kwa chombo akavuka bahari. Baba akamfuata, na watumishi wake wakagundua njia yake kwa fedha alizolipia chakula, kwa maana zilikuwa fedha za kwao. Wakamwua kasisi. Walipoogopa kumgusa binti, mfalme akamkata kichwa kwa mkono wake mwenyewe.

Habari hii iliandikwa katika karne ya 13 na kasisi mmoja wa Cambrai, yaani miaka mia sita baada ya mambo yenyewe, kwa hiyo wenye elimu ya historia hawaishiki yote kuwa ni kweli. Lakini watu wa nyakati zile waliiamini, wakawaza hivi: binti aliyeuawa na mwenye wazimu, asiyekubali kushindwa na wazimu huo, atawaombea walio katika taabu hiyo. Wakaanza kuwaleta wagonjwa wao kaburini kwake. Tangu mwaka wa 1349 likajengwa kanisa kubwa la mawe, ambalo lingali limesimama, na katika karne ya 15 likapata chumba cha wagonjwa kando yake. Mgonjwa alikaa mle siku tisa katika sala, na kila siku alipita kwa magoti chini ya jeneza la mtakatifu lililoinuliwa juu ya nguzo.

Jambo lililoufanya mji kuwa vile ulivyo halikutoka katika kanisa, lilitoka katika kukosa nafasi. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Basi makasisi wakawaomba watu wa karibu wawalaze wale waliokuwa wakingoja zamu. Siku tisa zikiisha na mgonjwa hakupona, aliambiwa angoje tena. Wengine walitoka mbali, na jamaa zao hawakuwa na haja ya kuwarudisha. Walilipa kitu kidogo wakaenda zao. Mtu wa Geel akabaki na mgeni jikoni mwake.

Kwetu husemwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Geel hawakuijua methali hiyo, lakini ndivyo walivyofanya kwa halisi. Mgeni aliyeweza kulima alikwenda shambani na baba wa nyumba. Asiyeweza kulima aliwachunga ng'ombe, au alimenya viazi, au alitikisa susu ya mtoto mchanga. Asiyeweza hata hayo alikaa karibu na moto, akala pamoja na wote. Daktari hakuwako, wala hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Waliona tu kwamba mtu mwenye kazi ya kufanya na mahali pake mezani hutulia, na baba zao waliwaonyesha jinsi ya kusema na mtu akasirikaye upesi. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo alimkuta mgeni amekwisha kuwamo. Hakumwogopa, kwa sababu hakuambiwa kwamba ni kitu cha kuogopwa.

Nisiwadanganye wasomaji wakadhani ya kuwa walifanya hivi kwa upendo mtupu. Fedha ilikuwamo. Katika nchi ya mchanga malipo ya mgeni, hata yakiwa madogo, yalisaidia sana, na mikono yake vilevile. Tena walikuwako waliowafunga wageni minyororo ya miguu wasipate kukimbia. Daktari Esquirol wa Paris, aliyekuja kutazama mwaka wa 1821, alistaajabu kuwaona wakitembea njiani na mashambani bila mlinzi, lakini aliona pia chuma miguuni mwa baadhi yao, na hilo halikumpendeza. Kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 18, serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikiitawala nchi ile ililifunga kanisa. Watu wangaliweza kusema, kanisa limefungwa, basi na wageni watoke. Hawakusema hivyo. Hata mwaka wa 1803 mkuu wa jimbo la Brussels, mtu wa serikali ileile, akaona ni afadhali kuwatoa wagonjwa wa akili katika nyumba mbaya walimofungwa mjini mwake na kuwapeleka Geel. Hivyo kazi iliyokuwa ya kanisa ikawa ya mji.

Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya walianza kujenga nyumba kubwa kwa ajili ya watu hawa, na wengi wao waliidharau Geel. Daktari Joseph Guislain wa Ghent, aliyekuwa na sifa kuliko wote katika Ubelgiji, aliandika vibaya juu yake. Mkulima asiyesoma atajua nini? Nani atamwangalia asimtese mgeni wake? Maswali hayo hayakuwa ya kipumbavu. Lakini tazameni ni nani aliyekuwa akipewa heshima wakati uleule.

Katika nchi ya Uswisi alikuwako kijana daktari, jina lake Johann Jakob Guggenbühl, aliyezaliwa mwaka wa 1816. Katika mabonde ya milima ile kulikuwa na watu wengi waliozaliwa wafupi, wenye uvimbe wa shingo, na akili zao zimedumaa. Mwaka wa 1836 Guggenbühl alimwona mmoja wao akijaribu kusali mbele ya msalaba kando ya njia, akaguswa sana moyoni, akaazimu kuwapa maisha yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1840 akawakusanya watoto wa namna hiyo katika nyumba juu ya mlima Abendberg, karibu na Interlaken, akawapa hewa safi, maziwa, mazoezi ya viungo, na mafundisho ya kutumia macho na masikio. Sifa zake zikaenea Ulaya nzima na kuvuka mpaka Marekani. Wakubwa na wenye elimu walipanda mlima kumtazama, vyama vikamheshimu, watu wakasema kwamba anaponya ugonjwa usioponyeka. Naye hakuwakanusha. Akawa mtu wa safari, akienda huku na huku kupokea heshima, na watoto wakaachwa mikononi mwa wengine. Mwaka wa 1858 balozi wa Uingereza alipopanda Abendberg kuwaona watoto wa nchi yake aliwakuta katika hali mbaya, hawana uangalizi. Serikali ya Bern ikachunguza. Hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa ameponywa kama ilivyotangazwa. Nyumba ikafungwa, na Guggenbühl akafa mwaka wa 1863, akidharauliwa na wale waliomsifu.

Mimi naona alidharauliwa kupita kiasi, kama alivyosifiwa kupita kiasi. Kabla yake watu wengi waliamini kwamba watoto hawa hawafundishiki. Baada yake nyumba za kuwafundisha zilijengwa katika nchi nyingi, na waliozijenga walikuwa wamesikia habari za Abendberg. Tena ugonjwa wenyewe sababu yake haikujulikana wakati ule. Ilikuwa ni kukosa kitu kidogo katika chakula, kile kiitwacho kwetu madini joto. Uswisi ilianza kukitia katika chumvi mwaka wa 1922, na watoto wa namna ile wakakoma kuzaliwa. Ndicho kitu kilekile kitiwacho katika chumvi ya madukani kwetu.

Tusidhani kwamba habari kama ya Guggenbühl ni za kale tu. Jean Vanier, mwana wa Gavana Mkuu wa Kanada, mwaka wa 1964 aliwatoa watu wawili wenye ulemavu wa akili katika nyumba kubwa walimofungiwa, akakaa nao katika nyumba ndogo kijijini Trosly-Breuil, Ufaransa. Kutoka hapo zikazaliwa jamaa za L'Arche katika nchi nyingi. Alipewa nishani na serikali ya Kanada na ya Ufaransa, na mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Templeton. Akafa mwaka wa 2019. Mwaka uliofuata L'Arche wenyewe walitangaza kwamba walichunguza na kuona kuwa aliwatenda vibaya kwa uasherati wanawake sita, wasio wenye ulemavu, waliomjia kutafuta maongozi ya roho. Na uchunguzi wa mwaka wa 2023 uliwahesabu wasiopungua 25. Walioitangaza habari hiyo ni wale waliompenda, nao walifanya vema kutoificha. Nyumba zao zinaendelea. Waliokuwa wakipika na kuosha na kulala katika nyumba zile hawakuacha kazi yao.

Turudi Geel. Mji huu haukuwa na mkubwa mmoja wa kusifiwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu ambaye akianguka kazi yote ianguke pamoja naye. Palikuwa na makosa, nayo yalitengenezwa. Kwa sheria ya mwezi wa Juni 1850 serikali ya Ubelgiji iliitwaa kazi hii chini ya uangalizi wake ikaweka madaktari. Mwaka wa 1862 hospitali ndogo ilikuwa imejengwa, ambamo mgeni mpya alikaa kwanza atazamwe tabia yake, ndipo achaguliwe nyumba imfaayo. Mji na vitongoji vyake vikagawanywa katika mitaa, kila mtaa na daktari wake na wauguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba. Walitazama chumba cha mgeni, na kitanda chake, na chakula chake. Baadaye zikajengwa nyumba ndogo za kuogea katika vitongoji, ambamo wageni walikwenda kuoga kwa zamu. Na muuguzi, akimwosha mtu, aliona kama mwili wake una alama za kupigwa. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la Guislain, nani atamwangalia mkulima. Minyororo nayo ikaondolewa kidogo kidogo. Mwenyeji aliyemtesa mgeni alinyang'anywa, na katika mji ambao karibu kila jirani alikuwa na mgeni, hiyo ilikuwa aibu isiyofichika.

Nimesoma mengi juu ya sheria hizo, lakini lililonishika zaidi ni jambo moja lisiloandikwa katika sheria. Mgeni aliyekuja akiwa kijana, mara nyingi aliishi kuliko mama wa nyumba aliyempokea. Mama alipozeeka, binti au mkwe wake alimchukua mgeni, pengine katika nyumba ileile. Mgeni aliyewabeba watoto wa nyumba mgongoni alikuja kutunzwa na watoto haohao walipokuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Hata hivyo hakuna aliyelazimishwa. Mtu aliweza kumrudisha mgeni hospitalini siku yoyote. Basi kila siku ambayo hakumrudisha ilikuwa ni siku ya kuchagua.

Mwaka wa 1902 madaktari wa nchi nyingi walikutana Antwerp kuzungumza juu ya kuwatunza watu wa akili katika nyumba za watu, wakaisifu Geel kuwa kielelezo, wao ambao baba zao katika kazi waliidharau. Kabla ya hapo Ubelgiji ilikuwa imeanza kazi ya namna hiyo Lierneux, mwaka wa 1884, kwa wale wasemao Kifaransa, na Ufaransa ikaanza Dun-sur-Auron mwaka wa 1892. Idadi ya wageni wa Geel ikazidi kupanda, hata mwaka wa 1938 wakawa zaidi ya 3,700 katika mji mdogo tu.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Katika Ujerumani, nchi ipakanayo na Ubelgiji, watawala wa chama cha Nazi waliwahesabu watu wa namna hii kuwa ni walaji wasio na faida. Wakawatuma madaktari wajaze karatasi za majina yao. Kutoka Januari 1940 hata Agosti 1941 waliwaua kwa hewa ya sumu zaidi ya 70,000, waliotolewa katika nyumba kubwa nzuri zilizojengwa na serikali na na makanisa ili kuwatunza. Walichukuliwa kwa mabasi, na jamaa zao wakaandikiwa barua za uongo kwamba wamekufa kwa ugonjwa. Kati ya wanaume waliotia sahihi zao walikuwamo wenye elimu kubwa kuliko mkulima yeyote wa Kempen. Katika nyumba ya mkulima wa Kempen mtu alaye bila kufanya kazi alijulikana tangu karne nyingi, na jina lake lilijulikana, na kijiko chake.

Baada ya vita mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leuven, Eugeen Roosens, alikaa na watu wa Geel na kuandika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1979. Yeye hakupaka asali. Alionyesha kwamba wageni walitendewa kwa wema, lakini mpaka ulikuwako. Mgeni aliingia katika duka la pombe akanywa kikombe chake, watu wakamwamkia, lakini hakuhesabiwa kuwa sawa nao. Kuoana na mgeni lilikuwa jambo lisilofikiriwa. Wengine walifanyishwa kazi nyingi. Naandika haya kwa kuwa nimeona mara nyingi jinsi sifa ya uongo inavyoharibu sifa ya kweli. Watu wa Geel hawakuwa malaika. Walikuwa watu waliozoea jambo ambalo wengine wote walilikimbia, wakalizoea muda mrefu hata likawa ni la kawaida.

Sasa idadi imepungua sana. Dawa zilizoanza kupatikana katika miaka ya 1950 zimewawezesha wenye maradhi ya akili wengi kukaa kwao. Mashamba hulimwa kwa mitambo, wala hayahitaji tena mikono ya mgeni. Wanawake wa Geel hutoka asubuhi kwenda kazini, kama wanawake wa miji mingine, na nyumba hubaki tupu. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 wageni walikuwa kama 500, na karibu nusu yao ni wale ambao akili yao imedumaa tangu utoto. Leo hawafiki 300. Heshima ya Kasane imewafikia watu wa Geel wakati milango inapofungwa mmoja mmoja, na huenda ndiyo sababu ya kupewa, kwa maana daftari zile ni za kutunza mambo yasipotee. Serikali huwalipa wenyeji kiasi cha fedha kwa kila siku, nao husema haitoshi. Nadhani ni kweli.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilimkumbuka mtoto mmoja. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, siku ya kuandikisha wanafunzi, alikuja mama mmoja amemshika mkono mwanawe wa miaka kama kumi. Mtoto alikuwa mkubwa wa mwili, mate yakimtoka, na maneno aliyoweza kusema hayakuzidi vidole vya mikono miwili. Watoto wengine wakacheka. Mama akaniambia, "Mwalimu, sisemi asome. Naomba tu akae na wenzake." Mimi nilikuwa kijana, nina daftari jipya na kalamu, na nilitaka darasa langu lisifiwe na mkaguzi. Nikamjibu, "Mama, huyu shule haimfai. Mrudishe nyumbani." Akasema, "Haya, mwalimu," akamgeuza mtoto, wakarudi na njia waliyoijia. Walikuwa wametembea saa mbili.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Huwaona yeye na mama yake kanisani siku ya Jumapili, katika benchi la nyuma, mama upande wa njia ili aweze kumtoa nje upesi akianza kupiga kelele. Kuni za nyumba yao hukata yeye, na maji huchota yeye, naye hukosea njia mara chache tu. Baba alikwisha kuondoka zamani, na wale ndugu wengine wako mjini. Miaka michache iliyopita nilimwendea yule mama nikamwomba radhi kwa maneno yale ya siku ya kuandikisha. Alicheka, akasema hayakumbuki. Kisha akanitolea kigoda, tukazungumza habari za mvua na za mahindi, na nilipoinuka kuaga akanisindikiza hata ukingoni mwa shamba, akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Nikifa mimi, huyu atakaa na nani?"